Kukimbia Bila Msiba

Dada yangu mpendwa,

Nakusihi uisome barua hii peke yako, na hata neno lake moja lisimfikie shangazi. Shemeji akiuliza, mwambie nakujulia hali.

Unakumbuka tulivyocheza rede nyuma ya nyumba? Ulikuwa hupigwi. Mpira wa soksi ukija kiunoni, umeshapinda. Ukija miguuni, umesharuka, na mama mlangoni anacheka mpaka ushungi unamdondoka. Kisha ukavunja ungo, ukawekwa ndani, na siku ulipotolewa shangazi akautia mpira ule motoni, chini ya sufuria. "Mwari hakimbii," alisema. "Akikimbia, watu huulizana nani kafa."

Hukukimbia tena. Mama naye hakukimbia tangu uwari wake. Akanenepa, tukasifiwa kwamba kwetu kuna neema, mpaka asubuhi ile alipoanguka jikoni, mwiko mkononi.

Sasa mimi karani, kutwa nimekaa kitini. Juzijuzi nilipandisha mafaili ghorofani, nikalazimika kushika ukuta. Muuguzi akanipima presha, kisha akaniuliza kama mama yupo. Niliogopa, dada. Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, nikatoka na baibui langu na ndala, nikakimbia kuelekea pwani kama ninayefukuzwa.

Bi Mwanaidi, jirani yetu, alikuwa anafagia. Aliponiona akautupa ufagio. Niliporudi nachechemea, ndala imekatika, nikakuta jamvi limetandikwa barazani kwetu, majirani wamekaa, kanga zimeshafungwa viunoni.

"Nani, mwanangu?" Bi Mwanaidi akanishika mikono. "Tuambie tu."

"Hakuna aliyekufa. Nafanya mazoezi."

Wakatazamana. Bibi mmoja akasema, "Basi tupeni hata chai. Tumeshakuja."

Shangazi hakucheka. Walipoondoka alisema, "Ukitoka tena, usirudi."

Nimetoka tena. Kila alfajiri natoka, yeye akiwa bado juu ya mswala, na komeo la mlango nalivuta polepole lisilie. Namwogopa. Lakini lile jiko naliogopa zaidi.

Uliniambia kwenye simu kwamba nawe umeandikiwa vidonge vya presha, ukacheka. Mimi sikucheka. Ndiyo maana nakwambia: anza, ila usianze kama mimi. Muulize daktari wako kwanza, na vidonge usiviache. Tafuta raba, hata za mtumba, mradi zisikubane. Usikimbie, tembea. Hapo kwenu Chalinze malori ni mengi, basi iache barabara kuu, pita njia za mashambani kabla jua halijawa kali. Siku za mwanzo nenda karibu tu, urudi. Mwili ukizoea, sogea mbele kidogo. Siku ukishindwa kutoka, usijilaumu, kesho utoke. Ramadhani tembea baada ya kufuturu.

Na kipimo tunacho wenyewe: salamu. Ukikutana na mtu mzima mwamkie, muulize na za nyumbani, na za watoto. Ukizimaliza zote bila taabu, unaweza kukaza mwendo. Ukikwama kwenye shikamoo, umezidisha, punguza. Kifua kikibana, hapo si pa kujikaza. Simama, uende hospitali.

Watasema umekonda, mume hakulishi. Waache waseme. Waliomsifu mama kwa unene wake ndio hao hao waliomwosha.

Bi Mwanaidi siku hizi hunifuata kwa mbali. Anasema anakwenda kununua samaki, na kapu lake hurudi tupu.

Usinijibu kwa simu ya nyumbani, shangazi ndiye huipokea. Panda basi uje. Ukifika usibishe hodi kwetu. Lala kwa Bi Mwanaidi, yeye anajua. Watu wakitoka msikitini alfajiri, shuka ufukweni, nyuma ya soko la samaki. Utamwona mwanamke mwenye baibui na raba nyeupe. Nitakuamkia, lakini sitasimama. Itikia huku unatembea.

Mdogo wako.