Kikao cha Dharura Kuhusu Yai la Mwenyekiti

KAMATI YA KUGONGANISHA MAYAI YA PASAKA, KIJIJI CHA BRESTAC

Tarehe: Jumanne, 30 Aprili 2019
Mahali: Ukumbi wa zimamoto
Waliohudhuria: Bw. Svetozar Kojić (Mwenyekiti, na bingwa wa mwaka huu), Bw. Gavra Pantelin (mjumbe, mshindi wa pili miaka yote), Bi. Persida Lalošev (Katibu)
Mwalikwa: Dkt. Jelisaveta Lalošev, mtaalamu wa fizikia, binti wa Katibu
Hakuhudhuria: Padri Nektarije. Alisema mayai yamemtosha.

KUMB. NA. 1/2019: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba kikao kiwe kifupi. Katibu aligawa keki aliyooka mwenyewe. Ilisifiwa.

KUMB. NA. 2/2019: MALALAMIKO
Bw. Gavra alieleza kwamba kwenye shindano la siku ya Pasaka, ambalo yai lisilovunjika ndilo hushinda, yai la Mwenyekiti lilivunja mayai yote, la Bw. Gavra likiwa la mwisho kuvunjwa, bila lenyewe kupata hata mkwaruzo. Alidai ni marumaru iliyopakwa rangi, na akataka yeye apewe kikombe cha ubingwa. Mwenyekiti alijibu kwamba kuku wake wanalishwa vizuri, tofauti na kuku wa watu fulani.

KUMB. NA. 3/2019: KIPIMO
Dkt. Jelisaveta (aliyesoma Belgrade mpaka masomo yakaisha, na bado humpigia mama yake simu kila Jumapili) alieleza kwamba kazini kwao hugonga vyuma kwa ghafla huku wakipitisha ndani yake sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio, ili wajue kitu kinavyobadilika umbo kabla hakijavunjika. Ganda la yai likigongwa hubonyea kidogo sana, na sauti huchelewa. Katibu alielewa yote.

Yai jipya la Katibu lilipimwa kwanza, kwa mashine aliyokuja nayo Dkt. Jelisaveta. Lilibonyea, sauti ikachelewa, likavunjika kwa heshima. La Mwenyekiti lilipogongwa, halikubonyea, na sauti ilipita bila kuchelewa.

"Mzee Svetozar, hili halikutagwa," alisema Dkt. Jelisaveta.

"Mwanangu, nimekubeba ukiwa na nepi," alijibu Mwenyekiti. "Mashine yako inajua vyuma, haijui kuku."

KUMB. NA. 4/2019: UAMUZI
Bw. Gavra alisema, "Basi ulile. Yai la Pasaka huliwa." Chumvi ililetwa. Mwenyekiti alisema hana njaa. Alipoelezwa kwamba asipokula kikombe kitahama, aliliuma kwa ghafla. Mashine ilikuwa bado imewashwa. Dkt. Jelisaveta alithibitisha kwamba yai halikubonyea hata safari hii. Kilichovunjika ni jino.

Bw. Gavra alikabidhiwa kikombe. Machozi yalimtoka, alisema ni mafua.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa na Katibu saa 1:15 usiku, Mwenyekiti akiwa hawezi kutamka.

Mwenyekiti: (yuko kwa daktari wa meno)
Katibu: Persida Lalošev, mama mzazi wa Dkt. Jelisaveta