Baba, Nimeikata Roketi Yako

Baba,

Sikuulizi hali. Wewe umepumzika, wenye hali ni sisi huku Thornton Heath, London, tulioachiwa roketi sebuleni.

Ndiyo, ilibaki palepale, imeegemea kabati la vyombo, ndefu kumshinda Mama. Siku zote za msiba Shangazi wa Ilford alitundika koti lake kwenye pezi la mkia, akidhani ni kitu cha kutundikia nguo. Watu waliokuja kutupa pole walianza na "Mungu amrehemu", halafu macho yanapanda juu taratibu. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Na Mama hakuruhusu kitu chako chochote kisogezwe, hata miwani.

Mimi nikasema nitairusha. Uliutangazia msikiti mzima kwamba itapaa, Baba, ulitaka waniulize mimi mpaka lini? Nikaipeleka kwa wenzako wa klabu ya roketi, kule shambani nje ya mji. Yule mzee wao anayekagua roketi kabla hazijarushwa akagonga mapezi, akatabasamu. Kisha akashika nusu ya juu, akavuta. Haikutoka. Akaniomba nishike mkia, tukavutana pale kwenye nyasi mbele za watu kama tunagombea mzigo. Haikutoka ng'o!

Baba jamani. Pale katikati panatakiwa paachie! Roketi ikifika juu, baruti kidogo inalipuka ndani, inagawanyika vipande viwili vilivyofungwa kamba, parashuti linatoka. Isipogawanyika inarudi chini kichwakichwa na kujichimbia. Imeandikwa kwenye maelekezo yaliyokuja na boksi, ukurasa wenye picha kubwa, ule uliokuwa unawekea kikombe cha chai. Lakini nani angekuambia? Miaka yote ya kuwafungia watu makabati ya jikoni, kiungo kinachocheza kilikuwa kinakunyima usingizi. "Kaza, mama, kaza!" Ndivyo ulivyoniambia nikiwa na miaka sita, nikikushikia mguu wa kiti, na ndivyo ulivyoikaza roketi kwa gundi.

Mzee wa watu akasema kwa upole: ikatwe, au isiruke.

Nilipomwambia Mama, alikaa chini. "Huo ndio mkono wake wa mwisho," akasema. "Uukate?" Wiki tatu nikawa napita sebuleni nikiikwepa kwa macho. Jumapili moja nikachukua msumeno wako wa meno madogo. Nilipima mara nne. Nikasema bismillahi, nikaanza kukata, na baada ya dakika mbili msumeno ukalia kwii! Skrubu. Gundi haikukutosha, ukatia na skrubu tatu! Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, halafu kicheko kikageuka, unajua kinavyogeuka. Mama akatoka jikoni akanikuta hivyo. Akashika bomba la roketi lisicheze, nikamalizia kukata.

Nikaweka kiungo kipya, kinachoteleza. Wenzako wa klabu wakanisaidia, injini akaifunga mwenye leseni, na Jumamosi iliyopita tukaenda, Mama kavaa makoti mawili.

Ilipaa, Baba. Wallahi ilipaa! Kishindo kilinipiga kifuani, mara ikawa uzi, mara kidoa. Kisha kule juu ikagawanyika, na Mama akapiga ukelele shamba zima likageuka: "Imevunjika! Kazi ya mume wangu imevunjika!" Nikamwambia, Mama, haijavunjika, imeachia. Parashuti likafunguka, jekundu. Ikashuka taratibu mpaka kwenye majani. Hakuna pezi hata moja lililotikisika.

Garini, tukikaribia nyumbani, Mama akasema, huku anaangalia dirishani: "Jumamosi ijayo tuzitoe nguo zake."

Basi nakuaga, Baba. Mungu akupe mapumziko mema. Kesho kabati lako linafunguliwa. Nakuahidi nitakuwa pale kumshika Mama mkono, na kila nguo itafika kwa mtu wa kuivaa. Ila lile koti lako la kazi, lenye gundi kwenye mikono, silitoi. Nalivaa mimi.

Mwanao,
Rehema