Anamwita Mwenzake

Jumatano, usiku

Mnyama wangu mdogo anabweka tena. Nilidhani ni njaa, nikamwongezea papai na asali. Nikadhani ni baridi ya ziwani, nikamfunika kwa kitambaa cha sufu. Hakunyamaza.

Leo nimempeleka kwa daktari wa mifugo kule Rugerero. Alimgeuzageuza kiganjani, kinyama kisichozidi panya kwa ukubwa, kama kindi mwenye ngozi ya kurukia.

"Mama, huyu haumwi," akasema. "Hawa huishi kwa makundi, na usiku ndio mchana wao. Walikuwa wangapi?"

"Wawili. Jike alikufa mwezi uliopita."

"Basi anamwita."

Ningemtafutia mwenzake mwingine, lakini wapi? Mfanyabiashara aliyeniuzia haonekani tena pale mpakani, Grande Barrière, na hapa mjini simjui mwingine anayewafuga.

Niliporudi, jirani yangu Mama Divine alikuwa ananingoja mlangoni. "Mama Keza, ule munyama anatukataza kulala. Bon, umutoe!"

Nimtoe nimpeleke wapi?

Sasa hivi nimemtia ndani ya blauzi, apate joto la mtu. Alinyamaza kidogo, nikamshukuru Mungu. Kisha akaanza tena, hapa hapa kifuani pangu, akimwita yule yule. Nami sina sauti ya kumwitikia.