Mzinga wa Baba Neema

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepepeta mtama. Nimekanda goti. Nimegombana na jogoo. Mvua bado.

Saa nne limepita gari la matangazo, vumbi lote likatua kwenye ungo wangu. Wenye silaha bila kibali wazisalimishe kwa hiari kabla mwezi haujaisha, ofisi ya kijiji au kituo cha polisi. Atakayesalimisha hatashtakiwa. Baada ya hapo ni msako na jela.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anashona kandambili kwa waya, hakuinua kichwa. Nikamwambia, "Baba Neema, umesikia?"

"Wanatafuta wenye silaha," akasema. "Mimi nilikuwa na gobore tu."

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na mtu huyu bado ananishinda kwa maneno. Ila si yeye peke yake. Hapa Rungwa kila mtu ukimwuliza atakwambia hivyohivyo. Silaha ni ya majambazi. Gobore ni la nguruwe pori, na la kutishia tembo wakivuka kutoka hifadhini. Mtu analiweka pamoja na jembe.

Jumatano, 16 Oktoba

Sijalala vizuri. Gobore lile alilitengeneza marehemu baba mkwe, mhunzi. Sijaliona miaka kumi na moja. Nilidhani aliliuza.

Nimemwuliza mara tatu lilipo. Mara ya kwanza kaenda kuchota maji, kazi ambayo hajaifanya tangu Neema azaliwe. Mara ya pili hasikii. Mara ya tatu kasema liko salama, ndani ya mzinga.

Ule mzinga mrefu, juu ya mninga wa mwisho wa shamba. Alipouchonga nilimcheka, nikamwuliza ni nyuki gani warefu hivyo. Kumbe alipimia gobore. Akalitia ndani, akaupandisha mtini, na nyuki wakahamia kama kawaida yao. Ndiyo maana mzinga ule haurinwi. Kila mwaka ananiambia wale nyuki ni wakali mno.

Nimecheka peke yangu jikoni. Halafu nikakasirika.

Ijumaa, 18 Oktoba

Hataki. Nyuki wanalinda vizuri kuliko polisi, anasema. Liache lizeekee huko.

Nimemwambia tukifa atakuja mtu kurina na atalikuta. Nimemwambia msako ukija, kuna watu wanaokumbuka kwamba alikuwa nalo. Ana miaka sabini na miwili na vidonge vya presha. Jela ataweza?

Kachukua jembe, katoka. Nadhani ni kwa sababu ya baba yake. Ni kitu pekee cha mzee kilichobaki.

Sijamwambia kwamba ninaogopa kubaki peke yangu katika nyumba hii. Ninaogopa sana. Naandika hapa tu.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya ibada Neema katuma ujumbe wa sauti kutoka Marekani. Mjukuu wetu ameanza darasa la kwanza. Wanafundishwa kujificha. Mwalimu anafunga mlango, anazima taa, watoto wanakaa chini ya meza bila kukohoa, kwa ajili ya siku ambayo mtu ataingia na bunduki. Mtoto kamwambia mama yake kwamba yeye ni hodari, hakukohoa hata mara moja. Huko jirani yake Neema kanunua bunduki dukani, na karatasi kapewa, na sheria haina neno naye.

Baba Neema aliomba nirudishe ujumbe. Nikarudisha. Akaomba tena.

Akasema, "Mtoto wa miaka sita anafundishwa asikohoe." Basi. Chakula hakumaliza.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo asubuhi, bila kuulizwa: "Tutaushusha."

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipouliza nani atapanda. Yeye. Goti lake bovu kuliko langu. Lakini tukimwita mtu, kijiji kizima kitajua kabla hatujafika ofisini, na mwingine atawahi kutusemea. Nimemwita mzee mkaidi. Kanijibu kwamba mkaidi hupandwa mbegu na mkewe. Sijui maana yake. Naye hajui.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mungu ni mwema.

Tulikwenda kulipokucha, nyuki wakiwa bado wamepoa. Nimefunga kanga usoni, nimevaa koti lake la mvua. Yeye na ngazi, na moshi wa magome. Nilishika kamba. Nikamwona anapanda kidogokidogo, anapumzika, anapanda. Miguu imekuwa myembamba. Sijui imekuwa hivyo lini.

Mzinga ulishuka vizuri hadi usawa wa kifua changu. Hapo kamba ikanichoma viganja, nikaiachia. Kishindo. Nyuki wote nje.

Alishuka ngazi ile upesi kuliko kijana. Tumekimbia, wazee wawili, mpaka nyumbani. Midomo yangu imevimba, jicho lake moja limefunga. Akanikalisha kwenye kigoda, akanitoa miiba kichwani mmojammoja, akipuliza kila mahali alipotoa. Ni muda mrefu hajanishika kichwa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mzinga uko chini ya mninga na hausogeleki. Kuubeba hatuwezi.

Nimemwandikia mtendaji wa kijiji kwenye simu. Ni kijana wa Pwani, ana miezi miwili hapa, mpole. Neno gobore niliogopa kuliandika, ujumbe wa simu haufi. Nikaandika hivi: "Mume wangu ana mzinga anataka kuusalimisha kwa hiari. Ni mkubwa, hatuwezi kuubeba. Ni hatari kuusogelea. Tunaomba mje na askari."

Nimesoma mara mbili. Nukta na mikato iko sawa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimejidhalilisha. Mimi, mwalimu wa Kiswahili.

Saa tatu magari mawili. Askari sita, kofia za chuma, wamejibanza nyuma ya kichuguu. Mtendaji kwenye kipaza sauti, sauti inamkatika: "Mzee, inua mikono! Mzinga umeelekezwa wapi?"

Nilidhani wamekuja kumchukua mume wangu. Nikasimama mbele yake nimetanua mikono kama kuku mwenye vifaranga. Yeye ananisukuma pembeni, mimi narudi.

"Umeelekea mashariki," akajibu Baba Neema, maana ndivyo ulivyolala.

Walitambaa kuuzunguka. Ndipo nikaelewa. Huyu kijana wa Pwani mzinga anaoujua ni ule wa jeshi, wa kupiga makombora. Nikapiga kelele, "Ni wa nyuki! Wa nyuki!" Nimechelewa. Waliofika kwanza walikwishaona wenyewe. Sijapata kuona serikali ikikimbia namna ile.

Wakacheka baadaye, hata aliyevimba sikio. Niliwapa chai. Baba Neema akawasha moshi, akaufungua mzinga taratibu. Gobore lilikuwa limezikwa katikati ya masega, mtutu wote umejengewa. Alilifuta nta kwa shati lake, akalilaza chini.

Askari mkubwa wao akatoa fomu. Jina. Umri. Limetoka wapi. Kisha akauliza, "Mara ya mwisho lilitumika lini, mzee?"

Nilijua atasema hakumbuki.

"Mwaka ule mtama ulipostawi sana," akasema. "Niliona mtama unatikisika, nikasema ni nguruwe. Nikalenga, nikafyatua. Fataki ya kulipulia baruti haikuwaka." Akajifuta nta vidoleni. "Kisha huyu mama akainuka pale kwenye mtama, na mlenda mkononi. Akaniuliza kama nimekunywa uji."

Askari aliandika kitu kifupi. Akalichukua gobore, akasema, "Asante, mzee. Hakuna kesi." Mtendaji alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumanne, 29 Oktoba

Hatujaongea jambo lile. Kapalilia bustani ambayo haina magugu.

Sina hasira. Nilizitafuta, hazipo. Ninamwonea huruma tu. Miaka kumi na moja analala kitanda kimoja nami na jambo hilo. Nilidhani anakionea uchungu kitu cha baba yake. Kumbe hakutaka kulitoa kwa sababu angeulizwa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mwisho wa msamaha. Mawingu, mvua hakuna.

Mchana nilipekua sanduku la madaftari yangu ya zamani. Nilitaka kujua siku ile mimi nilikuwa nafanya nini. Sikumbuki kitu. Kwangu ilikuwa siku kama nyingine. Nimelipata daftari, limeliwa na mchwa pembeni. Nadhani ni hapa, maana baada ya ukurasa huo gobore sikulitaja tena:

"Jumamosi. Nimechuma mlenda shambani, mtama umenipita kichwa. Baba Neema kagoma kula. Kakaa ananitazama tangu mchana mpaka jua linazama. Nikamwuliza ana nini, kasema hana kitu. Mwanamume huyu akiamua kumpenda mtu anachosha."

Nimesoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi.

Yuko nje, anasaga chumvi ya mboga. Natoka kwenda kukaa naye.