Mkate wa Saumu kwa Wavunaji wa Ngano

Jumamosi, Julai 1981. Asubuhi ukungu, mchana upepo wa kupeperusha kofia, na sasa jua limezama na baridi ya Karatu imeshaanza kuuma vidole.

Nina furaha mpaka naona haya kuiandika. Lakini shajara yangu haina mdomo, basi niseme: leo nimelisha watu wakashiba, wakanisifu, na sifa zenyewe nilizistahili.

Nilizistahili kabisa.

Ngano yetu imekauka shambani. Wiki iliyopita kweleakwelea wameonekana upande wa Buger, na ndege wale wakishuka kwenye shamba lako hawakuachii hata ya mbegu. Mimi na mke wangu Paskalina peke yetu tungevuna mpaka Krismasi. Ilikuwa lazima tuite watu, na hata wakija wengi, shamba lile ni la siku mbili.

Kuita watu huku kwetu kuna masharti yake. Mwenye shamba hutoa chakula na pombe. Jioni ya siku ya kwanza, mvunaji aliyeridhika huuegemeza mundu wake kwenye ukuta wa ghala la mwenyeji, maana kesho anarudi. Asiyeridhika haleti maneno. Anaaga vizuri, anawatakia usiku mwema, anatia mundu begani na kwenda zake. Kuna jirani aliwahi kuwapa watu makande yasiyoiva. Jioni ukuta wake haukuwa na mundu hata mmoja, ngano yake ikaliwa na ndege, na jina alilopewa siku ile bado anaitwa nalo.

Sasa Paskalina hapiki pombe. Kaka yake aliharibiwa na pombe mpaka kaburini, na siku ya mazishi aliapa kwamba haitachemka tena kwenye jiko lake. Siwezi kumlaumu. Mama yangu, ambaye tunaishi naye boma moja, aliuliza swali ambalo kijiji kizima kingeuliza: wavunaji gani watakuja kwa uji mtupu?

Nikamjibu kwamba nitawapikia mimi.

Mama akageuza uso akatazama kuku.

Hapo nieleze. Mimi ni mpishi wa hoteli, juu kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kazi yangu naipenda na ninaijua. Lakini mama hajawahi kulitamka hilo neno. Kwetu mwanamume haingii jikoni, akiingia ni kwa sababu nyumba inaungua. Kwa hiyo kila alipoulizwa mwanawe anafanya nini, mama alijibu kwamba yuko "kwenye magari ya watalii." Watu wakamalizia wenyewe. Nusu ya kijiji wananiita Dereva, na mimi hata baiskeli huwa naisukuma kwenye mteremko.

Nimecheka nalo jina hilo miaka mingi. Ukweli ni kwamba lilikuwa linaniuma.

Tangu mpaka na Kenya ufungwe, wageni wamepungua huko juu. Mwezi uliopita baadhi yetu tukaambiwa tupumzike nyumbani mpaka tutakapoitwa. Siku ya kuondoka mtunza stoo aliturudisha ndani na kuruhusu kila mtu achague kitu kimoja cha kupelekea familia. Wenzangu walibeba sukari, unga, mafuta ya kupikia, vitu ambavyo dukani vimekuwa hadithi. Mimi nikachukua jibini. Kipande kirefu, cha njano, kigumu. Waliniuliza kama nina homa.

Nilikuwa na sababu. Huko hotelini kuna mkate ninaoutengeneza, wenye siagi, kitunguu saumu na jibini juu, na hata mgeni aliyeamka vibaya huomba aongezwe. Nimewalisha watu wa nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani. Mama yangu hajawahi kuuonja. Wala Paskalina. Nilitaka siku moja tu nyumba yangu ile kile ninachowapikia wageni.

Nikaifunga jibini kwenye kitambaa, nikaitundika juu darini, nikijiona nina akili sana.

Alhamisi nikarudi kutoka mashine ya kusaga, ambako nilipeleka ngano ile ya kwanza tuliyokata kwa ajili ya unga, nikamkosa mama. Nikashuka kijitoni. Nikamkuta amepiga magoti kwenye jiwe, anafua shati langu la kanisani kwa jibini.

Simlaumu kwa hilo pia. Sabuni ya mche haijaonekana dukani kwa miezi, tunafulia majivu kama wakati wa babu. Ameona kitu cha njano, kirefu, kimefungwa vizuri, akajua mwanawe ameleta sabuni na anataka kumshangaza. Akakata nusu kwa panga.

"Sabuni gani hii ya wazungu?" akaniuliza kwa hasira. "Nasugua tangu asubuhi, haitoi povu!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu niliona kilichobaki. Nilipomweleza mama kwamba kile ni chakula, alikusanya nguo akatangulia nyumbani. Shati langu lina harufu hadi leo, na mbwa wa kijiji wananiheshimu kuliko mwenyekiti.

Usiku ule nilifikiri kuacha. Jibini iliyobaki isingetosha hata robo ya watu. Na kama nisingewapa kitu cha kuwafanya waache miundu yao, ngano ingekuwa ya ndege. Nilijilaza nikimsikia Paskalina anageuka geuka, naye alikuwa anafikiri hilo hilo, ila ana adabu ya kutolisema.

Kulipokucha nikakumbuka kwamba ng'ombe wetu anakamuliwa.

Nikachemsha maziwa, nikakamulia limau, yakakatika. Nikayachuja kwenye kitambaa nikapata jibini laini, nyeupe. Hii haivutiki ikipata moto, lakini ina utamu wake, na ukiichanganya na siagi, chumvi na saumu iliyopondwa, mkate unapata mwili. Ile ya hotelini ningeikwaruza juu tu, kidogo kidogo, ndiyo ifanye yale maajabu yake. Kikwaruzio sina. Nilichukua kopo tupu nikalitoboa kwa msumari pande zote.

Mama aliponiona namimina limau kwenye maziwa mazima, ya asubuhi, alishika kichwa. "Unaua maziwa na macho yako makavu hivyo!" Akatoka nje. Kwa mtu aliyekua na ng'ombe, kukata maziwa kwa makusudi ni karibu na kumtukana ng'ombe mwenyewe.

Hamira nayo hakuna. Hapo Paskalina alinishangaza. Alichukua kikombe, akaenda kwa jirani yetu mpika pombe, akarudi na povu la juu la mtungi. Nikamtazama. "Povu si pombe," akasema, bila kucheka hata kidogo. Nikakanda, na mikate ikaumuka vizuri sana.

Tanuri nimelijenga kwa madebe mawili, nikayalaza ubavu, nikayakandika udongo, makaa chini na makaa juu.

Leo asubuhi watu walikuja. Nadhani wengine walikuja kuona tu, maana habari ya Dereva kupika ilishazunguka. Aliyeniogopesha zaidi ni Mzee Tluway. Yeye ndiye anayetangulia mstari wa wavunaji katika kila shamba huku, na wengine humfuata. Mundu wa Mzee Tluway ukiondoka, yote huondoka.

Alifika akasimama uani, akanusa. Huku kwetu saumu ni dawa. Tunaletewa kutoka Mbulu, tunaitafuna kwa kikohozi na minyoo, basi. Na mimi nilikuwa nimeponda sinia nzima.

"Poleni," akasema kwa sauti ya msibani. "Nani anaumwa kifua?"

"Hakuna mgonjwa, mzee. Ni chakula cha mchana."

Alinitazama, akatazama aproni yangu ya hotelini, ambayo nilikuwa nimeivaa kwa makusudi. "Dereva," akasema, "gari limekufia jikoni?"

Walicheka wote, hata Paskalina. Mimi nikainama nikapuliza makaa. Mama alikuwa mlangoni pake. Nilimwona anaingia ndani na kurudishia mlango.

Hapo iliuma kweli.

Lakini mikono yangu haijui kununa. Ilipoiva mikate ya kwanza niliipasua katikati, nikaipaka ule mchanganyiko mpaka ikalowa, nikakwaruza jibini ya njano juu, nikairudisha kwenye moto. Harufu ya dawa ikabadilika yenyewe kuwa harufu nyingine. Watu shambani walianza kuinua vichwa. Nilikuwa nawachungulia kupitia uwazi wa ua, na kwa kuchungulia huko nikaunguza sinia moja, kosa ambalo hotelini ningemfokea mwanafunzi wangu kwa ajili yake.

Paskalina akapeleka masinia kichwani, nami nikafuata na chai. Watu wakakaa kando ya miganda. Hakuna aliyegusa. Walikuwa wanamsubiri Mzee Tluway.

Akashika kipande akavuta, na jibini ikavutika nacho. Akainua mkono, uzi ukarefuka. Akasimama, uzi bado upo. Akarudi hatua moja nyuma kama mtu aliyeshika kamba ya ndama, na shamba zima likaangua kicheko. Kisha akala. Alitafuna taratibu huku anatazama mbali, upande wa msitu.

"Imebaki?" akauliza.

Baada ya hapo mikono yote iliingia kwenye masinia.

Kuna jambo moja nataka nisilisahau. Alikuwepo Jumanne, kibarua wa mashamba ya kahawa, mtu wa Singida, Mwislamu asiyeonja pombe. Huja kuvuna kwa watu kila mwaka. Alipomaliza kipande chake alifuta mikono, akaniambia, "Bwana, miaka yote mimi nakata ngano na wenzangu, mtungi ukizunguka napewa kikombe cha maji. Leo nimekula sawa na kila mtu." Hakusema kwa uchungu, alisema tu. Nilijifanya moshi umeniingia machoni, ingawa moto ulikuwa uani, mbali kabisa.

Niliporudi uani nikakata kipande cha katikati, kile kizuri kuliko vyote, nikakiweka kwenye kisahani na kukiacha kwenye kizingiti cha mama. Sikubisha hodi.

Alasiri walirudi kwenye mstari wakaimba, bila tone la pombe. Mpaka jua linaelekea kushuka walikuwa wamepita nusu ya shamba.

Kisha ukafika wakati wa kuaga. Hapo nikiri: niliogopa. Mtu anaweza kucheka, akala, akaramba na vidole, na bado akachukua mundu wake. Nilijifungia jikoni nikaanza kusugua sufuria ambazo zilishatakata. Nilisikia "usiku mwema" nyingi. Sikuchungulia ghalani. Nilimwomba Mungu juu ya jambo dogo kama miundu, naamini amezoea.

Sauti zilipoisha nikamsikia mwanamke mmoja anapita njiani akitoka sokoni. Akamsalimu mtu aliyesimama penye ghala, na aliyeitikia alikuwa mama.

"Nasikia dereva wako karudi nyumbani?" mwanamke akauliza.

Nikaacha kusugua.

"Mimi sina dereva," mama akasema. Alisema kwa sauti, kwa namna anavyoita ng'ombe. "Mwanangu ni mpishi. Ingia uone miundu ya watu."

Nikatua sufuria, nikafuta mikono kwenye aproni. Nilipotoka mwanamke alishaondoka. Ukuta wa ghala ulikuwa umejaa. Mundu wa Jumanne ulikuwepo, na wa Mzee Tluway, ule wenye mpini uliofungwa ngozi, ulikuwa mbele ya yote. Mama alikuwa anaipanga mmoja mmoja ikae sawa, kama vile imekuja kwa ajili yake. Na kwa kweli imekuja kwa ajili yake pia.

Hakunitazama. Aliniuliza kama sinia iliyoungua ilikuwa kosa la madebe au langu. Nikasema langu. Akasema, "Kesho usichungulie."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nimepika miaka yote hiyo kwa wageni, nikapewa mikono na asante za Kizungu, na sikuwahi kutunzwa hivi.

Unga wa kesho nimeshaukanda, umefunikwa unaumuka. Nilikwenda sasa hivi kuangalia kama kuna maziwa ya kutosha. Nimekuta mama ameshayatenga, chungu kizima cha maziwa ya jioni, na juu ya kifuniko ameweka limau.