Kikonyezo si neno langu

Mwenzangu, uko? Nimejifungia stoo ya ofisi, sina pa kuuweka uso wangu.

Unalijua lile neno "kikonyezo", tunaloziitia zile video fupi za simuni? Hapa redioni kila mtu analo mdomoni, hadi wasikilizaji wanatuandikia nalo.

Si langu. Ni la mama anayetupikia chai. Mwezi uliopita alinikuta nazitazama, akasema, "Hivyo ni vikonyezo tu. Vinakukonyeza, na kabla hujajibu vimeshapita." Nikacheka, nikaenda nalo kikaoni. Bosi aliponisifu nikanyamaza.

Sasa leo mtangazaji kanivuta hewani bila kunionya. "Hili neno ulilitoa wapi?"

Nikamjibu, "Lilinijia tu nikiwa naoga."

Nikiwa naoga. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Natoka studio namkuta mama jikoni, redio imewashwa kando ya birika. Amesikia yote. Nikaanza kubabaika, "Mama, lile neno, mimi..."

Wala hakununa. Alinimiminia chai, akasema taratibu, "Miaka sita nawaletea chai humu, nikisema kitu hakuna anayegeuza shingo. Kumbe wewe ulikuwa unanisikiliza."

Na alikuwa anatabasamu. Alifurahi kweli, kutoka moyoni.

Kipindi hakijaisha. Narudi studio niseme neno ni la nani, wanicheke wanavyotaka. Lakini yale macho yake, mwenzangu. Heri angenitukana.