Mama Kakaa Mbele

Vega, Norwei

Mdogo wangu Torunn,

Huku hatujambo, kondoo wameshazaa. Gari la sinema limekuja tena, na safari hii tumeonyeshwa treni ikikatiza jangwa la Moroko. Mama, ambaye siku zote hukaa nyuma ya ukumbi akichunga birika la kahawa, alikwenda kukaa mbele kabisa na watoto.

"Bi Åshild, kahawa inafurika!" watu wakamtania.

"Zimeni jiko wenyewe!" akajibu. Kisha akaninong'oneza, "Ragnhild, ule mchanga ni mwekundu kweli, au wanatudanganya?"

Asubuhi akakata tiketi. Anakuja kwako Hispania, mvuke bahari pamoja hadi Moroko mkapande treni hiyo.

Daktari anasema kufikia mwaka mpya atakuwa haoni tena. Usimlilie. Mpe kiti cha dirishani.

Dada yako,
Ragnhild